Rupia Iliyokatwa Maneno: Jinsi ya Kuisoma Sarafu ya Wamughali

Iweke kiganjani rupia ya Aurangzeb, mfalme wa Wamughali waliotawala Bara Hindi, na kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni kuwa maneno yake hayakutimia. Sarafu yenyewe ni nene, nzito kuliko inavyoonekana, duara lake limepinda kidogo, na maandishi yanaingia ukingo huu na kutokea ukingo ule kama watu wanaopita dirishani. Herufi imebaki nusu. Mwaka una tarakimu tatu tu. Anayeiona mara ya kwanza hudhani kuna mtu aliyeipunja kwa tupa. Hakuna. Ilizaliwa hivyo, na wanaozikusanya rupia hizi huanza kuikadiria bei pale pale ukingoni.

Sababu ni namna zilivyopigwa. Kipande cha fedha kilipimwa kwa uzito, gramu 11 na nusu hivi, na upana wake haukumsumbua mtu. Kikawekwa juu ya muhuri wa chini, muhuri wa juu ukashikwa juu yake, nyundo ikashuka. Mihuri ilichongwa mipana kuliko vipande, kwa hiyo kila rupia ilichukua sehemu tu ya maandishi, kutegemea ilivyokaa wakati nyundo inatua. Rupia mbili za muhuri mmoja zinaweza kuwa moja imebeba jina la mji na nyingine imebeba mwaka, wala haipo iliyobeba vyote.

Kiswahili chetu kinatumia neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa, na mwenye duka la vito atakununulia rupia hii kwa maana ya kwanza: ataitupa mizanini, basi. Lakini mkusanyaji hanunui madini. Rupia ya Aurangzeb ya mji uliopiga sarafu nyingi, yenye mwaka uliofifia, haipiti mbali sana ya thamani ya fedha iliyomo. Nyingine ya mfalme huyo huyo, uzito ule ule, ila imetoka mji uliopiga sarafu kwa mwaka mmoja au miwili na jina la mji huo limebaki zima, wataipigania mnadani. Tofauti yote ni maneno matatu manne. Kwa hiyo anayetaka kuingia katika ukusanyaji huu ajifunze kusoma kabla hajajifunza kununua, na kwa hili msomaji wa Kiswahili, hasa aliyepita chuo cha Qur'ani utotoni na kujifunza herufi za Kiarabu, ana mtaji ambao wengi hawana.

Ninayo mezani rupia ya Surat, mji wa bandari wa Gujarat. Upande wa mfalme una ubeti wa Kiajemi, lugha ya dola ya Wamughali ingawa wenyewe walikuwa na asili ya Kituruki: *Sikka zad dar jahan chu badr-i munir, Shah Aurangzeb Alamgir*. Maana yake, Shah Aurangzeb, mshika ulimwengu, amepiga sarafu duniani kama mwezi mpevu uangazao. Badr na munir hazihitaji kamusi pwani yetu. Akina Muniri tunao mtaani. Kwenye sarafu za dhahabu ubeti ni ule ule, ila neno badr linaondolewa na kuwekwa mihr, jua. Fedha ni mwezi, dhahabu ni jua. Mshairi wa dola alifanya kazi mara moja akalipwa mara mbili.

Geuza. Upande wa pili umeandikwa *zarb Surat, sanah 39 julus maimanat manus*. Zarb ni kupiga, na ndugu yake ni neno letu dharuba. Julus ni kukaa, yaani kukalia kiti cha enzi. Imepigwa Surat, mwaka wa 39 wa kukalia kiti, mwaka ulioandamana na kheri. Fomula hii ilirudiwa kwenye mamilioni ya rupia, mji hadi mji, kinachobadilika ni jina la mji na namba tu. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na hawakwami kwa Kiajemi. Wanakwama kwa kuwa wanaanzia juu. Mistari ya sarafu hizi mara nyingi husomwa kutoka chini kwenda juu: zarb na mji viko chini kabisa, manus liko kileleni. Na kwa kuwa jina la mji liko chini, karibu na ukingo, ndilo linalokatwa kwanza. Surat yenyewe haina taabu; sini, wau, re, te, imeandikwa karibu sawa na sura ya Qur'ani. Kuna miji inayofanana mkato mpaka wataalamu hugombana kwa ajili ya nukta moja.

Baadhi ya miji ina vyeo. Lahore ni *Dar as-Saltanat*, nyumba ya usultani. Multan ni *Dar al-Aman*, nyumba ya amani. Surat imeitwa *Bandar-i Mubarak*, bandari yenye baraka, maneno ambayo hata mpagazi wa Forodhani angeyaelewa. Shida ya vyeo hivi ni kwamba wakati mwingine cheo kimebaki na jina la mji limekatwa. Pia miji ilibadilishwa majina: Agra ni Akbarabad, Delhi ni Shahjahanabad, Patna ni Azimabad, Dhaka ni Jahangirnagar. Anayetafuta Delhi kwenye rupia ya Aurangzeb atatafuta sana.

Sasa tarehe. Rupia nzuri ina miaka miwili: wa Hijria upande wa jina la mfalme, na wa utawala upande wa mji. Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97, ujumlishe 622, utapata mwaka wa Miladi kwa kukaribia. Yangu ni 1107, kwa hiyo 1695. Ila miaka miwili ikikaa pamoja hufanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu haianzi siku moja. Mwaka wa Hijria huanza Muharram, Mfunguo Nne. Mwaka wa utawala wa Aurangzeb ulihesabiwa kuanzia mwezi mosi Ramadhani. Mwaka wa 39 ulianza Ramadhani 1106 na kwisha Shaabani 1107. Rupia yenye 1107 na 39 kwa pamoja haiwezi kuwa ya kabla ya Mfunguo Nne wala ya baada ya Shaabani, yaani, kwa mihuri iliyofuata kalenda sawasawa, imepigwa kati ya Agosti 1695 na mwanzoni mwa Aprili 1696. Miezi minane. Sarafu ngapi za Ulaya za karne hiyo zinakuambia hivyo? Nyingi zina mwaka tu, na nyingine hazina hata huo.

Na miezi minane ile haikuwa ya kawaida Surat. Septemba 1695 jahazi kubwa la mfalme, *Ganj-i-Sawai*, lilikuwa likirudi kutoka Bahari ya Sham limejaa mahujaji, na fedha na dhahabu za biashara ya Mocha, bandari ya Yemen. Surat ndiyo ilikuwa bandari ya hija ya dola. Kutoka pale walikwenda Jidda na pale walirudi. Jahazi lilipokaribia pwani, maharamia wa Kiingereza chini ya Henry Every wakalivamia. Waliiba, wakatesa, wakabaka. Habari ilipofika mjini watu walichemka, na Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki wakatiwa ndani, wapo waliofungwa minyororo. Every hakupatikana kamwe. Fedha ambayo kwa desturi ingekwenda kuyeyushwa na kuwa rupia mpya, sehemu yake ilitawanyika mifukoni mwa mabaharia. Sisemi rupia yangu ina uhusiano na jahazi hilo. Nasema ilikuwa ikipigwa mjini humo huku mji ukililia.

Mocha inatuleta kwenye swali ambalo wakusanyaji wapya hawaliulizi: fedha yote hii ilitoka wapi? Bara Hindi la zama hizo halikuwa na migodi ya fedha ya kutajika. Chimbuko kubwa lilikuwa ng'ambo ya dunia, Mexico na mlima wa Potosí ulioko Bolivia ya leo, ambako Wahispania walichimba na kupiga reale za vipande vinane, babu wa zile reale tulizohesabia mahari na mali pwani. Reale zikaingia Ulaya, zikanunua viungo na nguo, zikapita Sham, Mocha na Ghuba, au zikaja moja kwa moja na meli za Waholanzi na Waingereza, na mwisho zikamiminika Gujarat na Bengal kulipia pamba, hariri na nili. Zilipofika hazikuruhusiwa kubaki reale. Sheria ya Wamughali ilitaka fedha ya kigeni ipelekwe kwenye nyumba ya kupigia sarafu. Mtu yeyote aliweza kuleta fedha yake, akalipa ushuru na gharama, akaondoka na rupia. Ndiyo maana mji wa bandari kama Surat ulipiga nyingi kiasi hiki, na ndiyo maana rupia za Surat ni rahisi kupatikana leo: hapo ndipo mlangoni.

Usafi wake ulisifika. Rupia za Wamughali kwa kawaida zina fedha zaidi ya sehemu 95 kwa 100. Hata hivyo wafanyabiashara hawakuipokea kwa macho matupu. Msarafu, yaani mbadilisha fedha, aliipima, aliisugua kwenye jiwe la majaribio, na akitaka kujua ya ndani aliipiga patasi au muhuri wake mdogo: ua, nyota, mwezi mwandamo, kitone. Rupia iliyotembea sana ina chale tano sita. Kisha kulikuwa na batta, punguzo. Rupia iliyopigwa mwaka huu, waliyoiita sikka, ilikuwa na thamani kamili. Ikizeeka miaka michache msarafu aliikata bei kidogo, hata kama uzito wake haujapungua. Ya mfalme aliyekwisha kufa ilikatwa zaidi. Kwa hiyo ilikuwa na faida kuirudisha ikayeyushwa na kupigwa upya. Jambo hili moja linaeleza mengi kuhusu upatikanaji: rupia ambazo mtu hakuzifukia shimoni ziliingia tanurini, na tulizonazo leo, kwa sehemu kubwa, ni zile ambazo mwenyewe alizificha asirudi tena kuzichukua.

Wafalme waliotangulia nawapitia haraka, isipokuwa mmoja. Rupia yenyewe hawakuianzisha Wamughali. Babur, aliyeshinda Panipat mwaka 1526, alipiga sarafu nyembamba na pana za mtindo wa Asia ya Kati, na mwanawe Humayun akaendelea nazo. Aliyeweka rupia ya gramu 11 na nusu ni Sher Shah Suri, Mwafghani aliyemfukuza Humayun kutoka India mwaka 1540. Wamughali waliporudi mwaka 1555 walikuta fedha ya adui ni nzuri, wakaichukua. Akbar akaiongezea umbo la mraba, na baadaye kalenda yake mwenyewe ya Ilahi, ya jua, inayoanza Nauruzi. Wa Makunduchi wanaokoga mwaka kwa Nairuzi watalitambua neno. Rupia za Ilahi zina jina la mwezi wa Kiajemi, Mihr, Aban, Azar, na wapo wanaotumia umri wao kutafuta miezi yote 12 ya mji mmoja.

Mmoja wa kukaa naye ni Jahangir, aliyetawala 1605 hadi 1627, kwa kuwa hakuna mfalme aliyechezea sarafu kama yeye. Alianza kwa kuifanya rupia nzito zaidi kwa moja ya tano, kisha kwa moja ya nne, mpaka hesabu za soko zikavurugika na baada ya miaka michache akarudi kwenye uzito wa zamani. Rupia nzito hizo zinatafutwa. Mwaka wa 13 wa utawala wake akiwa Gujarat, akaamuru jina la mwezi liondolewe na mahali pake ipigwe picha ya buruji ya nyota: Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, zile zile za magazeti yetu. Rupia za fedha za aina hiyo ni za Ahmadabad, mwaka 1027 Hijria, na ni za miezi michache tu. Ni picha za viumbe kwenye sarafu ya mfalme Mwislamu, na ni chache. Kwa sababu hizo mbili zimeigizwa kwa karne kadhaa. Ukiuziwa seti kamili ya nyota 12 kwa bei ya huruma, huruma hiyo ni yako wewe.

Miaka yake ya mwisho ilileta kingine. Baadhi ya rupia zina ubeti huu: *Ba hukm-i Shah Jahangir yaft sad zewar, ba nam-i Nur Jahan Badshah Begam zar*. Kwa amri ya Shah Jahangir, dhahabu ilipata mapambo mia kwa jina la Nur Jahan, mke wa mfalme. Neno zar la Kiajemi ni kama fedha yetu, ni madini na ni pesa pia. Jina la mwanamke kwenye sarafu si pambo dogo. Katika dola za Kiislamu mambo mawili yalimtangaza mtawala: kutajwa katika hotuba ya Ijumaa, na jina lake kupigwa kwenye sarafu. Nur Jahan alipewa la pili.

Shah Jahan, aliyejenga Taj Mahal, aliweka kalima, tamko la imani ya Kiislamu, katikati na majina ya makhalifa wanne pembeni. Aurangzeb, mwanawe, alipokalia kiti akaiondoa kalima, kwa hoja kwamba sarafu hupita mikono ya kila mtu, na asiyeamini na asiye tohara pia huishika. Hivyo rupia ya mfalme aliyesifika kwa ucha Mungu haina kalima, na ya baba yake mpenda anasa inayo. Wanunuzi wengi Waislamu huipenda ya baba, na bei inaonyesha.

Baada ya Aurangzeb kufa mwaka 1707 ndipo fundo linapokazwa, na ndipo wanaoanza wanapopoteza fedha zao. Rupia ya kawaida kabisa sokoni ina jina la Shah Alam wa Pili, aliyetawala tangu 1759 hadi 1806. Ubeti wake unasema amepiga sarafu katika nchi saba za dunia, kivuli cha fadhila za Mungu, mlinzi wa dini ya Muhammad. Watu wa Delhi walikuwa na msemo wao: ufalme wa Shah Alam ni kutoka Delhi hadi Palam, na Palam ni pale ulipo uwanja wa ndege wa mji huo. Mwaka 1788 alipofushwa macho ndani ya kasri lake mwenyewe. Lakini jina lake liliendelea kupigwa na kila mwenye nguvu: Wamaratha, wakuu wa Rajasthan, nawabu, yaani mtawala, wa Awadh aliyeweka alama ya samaki, na Waingereza wa Kampuni. Wengi hawakuthubutu kuweka majina yao, kwa maana soko liliamini jina la Mughali hata pale ambapo jeshi lake halikuogopwa tena.

Waingereza walikwenda mbali zaidi: wakaugandisha mwaka. Ili kuua batta, ambayo iliwatesa wao pia, waliamua rupia zote zibaki na mwaka mmoja wa utawala. Za Bengal zinasema Murshidabad, mwaka wa 19, na zilipigwa Calcutta kwa miongo kadhaa. Za Farrukhabad zinasema 45. Mfalme akafa, mwaka wake ukaendelea. Kwa hiyo sarafu inayojitangaza kuwa ya Murshidabad ya miaka ya 1770 inaweza kuwa ya mashine ya Calcutta ya miaka ya 1820, na ushahidi uko ukingoni: ina duara kamili, na ukingo wake umechanjwa mistari iliyo sawa. Hii si ghushi. Ni sarafu halali yenye tarehe isiyo ya kweli, nayo ni ya bei nafuu. Anayekuuzia kama rupia ya kasri la Delhi ama hajui, ama anajua sana.

Mwaka 1835 jina la Mughali likafutwa na sura ya mfalme wa Uingereza ikaingia, uzito ukiwa gramu 11.66, tola moja. Rupia hiyo ndiyo iliyovuka bahari hadi kwetu. Ilizagaa Unguja na Mombasa. Wajerumani walipiga ya kwao kuanzia 1890 ikiwa na Kaiser na kofia ya tai. Ikahesabiwa mishahara na kodi mpaka shilingi ilipoingia, bara mwaka 1921 na Unguja mwaka 1936. Tola nayo ipo: maduka ya dhahabu ya Dubai bado yanauza vipande vya tola kumi.

Kuhusu kununua, nina machache. Chukua mizani ndogo. Rupia yenye gramu tisa iache, isipokuwa unajua ni ya aina gani. Tazama ukingo kwa kioo cha kukuzia. Sarafu iliyomiminwa katika kalibu ina vishimo vidogo kama vya chapati, na pengine mstari pale nusu mbili zilipokutana, ilhali iliyopigwa nyundo ina uso mkavu na herufi zenye makali. Tafuta mahali palipounganishwa kikuku cha kuning'inizia. Rupia nyingi zilivaliwa shingoni, na kikuku kikivunjwa hubaki kovu ambalo muuzaji hulisugua. Kuna pia vipande vya mraba vyenye kalima na majina ya makhalifa, vyepesi, vimepakwa fedha juu. Hivyo ni hirizi, vilitengenezwa viwe hirizi. Rupia usiisafishe. Najua bibi zetu walisugua vikuku kwa limau na jivu vikang'aa, lakini rupia iliyosuguliwa hupoteza weusi wake wa karne tatu, na bei pamoja nao. Na usiibebe kutoka India: sheria yao ya 1972 inazihesabu sarafu zilizopita miaka 100 kuwa mambo ya kale, na mtu binafsi haruhusiwi kuzitoa nchini. Zilizoko Dubai, London na Muscat nyingi zilitoka zamani. Muulize muuzaji karatasi zake.

Anza na mji mmoja. Surat ya Aurangzeb ni nafuu, inapatikana kwa miaka mingi mfululizo, na ukiisoma kumi hivi macho yatazoea mwandiko. Yangu ina chale nne za wasarafu, moja imepita katikati ya neno munir, na aliyeniuzia alinipunguzia kwa ajili ya chale hizo. Nilinyamaza, nikalipa.